Kimbunga kimeezua madarasa yetu: tuanze na mabati, na zege, au na jengo jipya?

Swali: "Mhandisi, nakusalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule iliyo katika makazi ya pembezoni mwa mji. Wiki tatu zilizopita kimbunga kiliezua majengo yetu mawili ya madarasa. Kuta zimebaki, ingawa baadhi zina nyufa. Jengo la tatu halikuguswa na upepo, lakini maji yaliingia hadi usawa wa magoti na kukaa siku mbili. Wazazi wanataka tununue mabati mazito zaidi, tuezeke upesi, na watoto wasomee katika lile jengo lililo zima wakati kazi ikiendelea. Fundi wetu anasema afadhali tumwage paa la zege, liwe zito hata upepo usiliweze. Mfadhili mmoja anasema tubomoe yote matatu, atatujengea upya. Kila mmoja ana hoja yake. Tumsikilize nani?"

Jibu: Ndugu mjumbe, poleni sana wewe, walimu na wazazi. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili na ninaona maswali matatu yaliyofungwa pamoja: kama kuta zilizobaki zinafaa kubeba paa jingine, kama jengo la tatu ni salama kwa watoto, na kama fedha itakayopatikana iende kwenye mabati, kwenye zege au kwenye jengo jipya. Nitayajibu yote, ila kabla ya yote ninalo ombi moja. Sehemu kubwa ya jibu mnalolitafuta imo katika rundo la mbao na mabati lililotapakaa uwanjani mwenu, na hofu yangu ni kwamba mmeshaanza kulizoa. Kama bado lipo, liacheni kwa siku mbili tatu, mlipige picha kutoka kila upande, kisha mlisome.

Ninaposema mlisome ninamaanisha hivi. Okoteni bati moja mlitazame matundu ya misumari. Ikiwa tundu limepanuka na kuchanika, huku msumari ukiwa umebaki kwenye ubao, basi bati ndilo lililoshindwa kwenye kiungio chake. Ikiwa mabati bado yamegandana na papi, yaani zile mbao nyembamba zinazoyabeba, na yamekwenda nazo kama mkeka uliokunjuliwa, basi mabati hayakuwa na kosa. Kilichoachia ni msumari uliofunga papi kwenye kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa zima. Ikiwa kenchi nzima imeanguka upande wa pili wa ua, tatizo liko pale kenchi ilipokaa juu ya ukuta. Na ikiwa kenchi imeng'oka pamoja na matofali ya juu, maana yake paa lilifungwa vizuri, lakini lilifungwa kwenye kitu ambacho chenyewe hakikufungwa popote.

Sasa mtaona kwa nini siwezi kuunga mkono moja kwa moja wazo la mabati mazito. Bati zito huchelewa kuchanika, na hilo ni jambo jema, lakini haliizuii papi kuachana na kenchi. Mkiwa mmeokota mabati yaliyogandana na papi zake, kisha mkamaliza fedha yote kwenye mabati mazito, kimbunga kijacho kitaondoka na mabati ya bei kubwa zaidi.

Watu wengi hudhani upepo huliangusha paa kwa kulisukuma. Hali halisi ni kinyume chake. Upepo unapolazimika kupanda juu ya jengo huongeza kasi, na hewa inayopita kwa kasi juu ya paa hupunguza mgandamizo mahali hapo, hivyo paa huvutwa kwenda juu. Nguvu hiyo haikui sambamba na kasi, bali hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Kwa upepo wa kilomita 180 kwa saa, ambao katika kipimo cha Saffir-Simpson, kinachopanga vimbunga kwa kasi ya upepo, tayari ni wa daraja la 3, mgandamizo wake ni kama uzito wa kilo 150 katika kila mita moja ya mraba. Chukueni darasa la mita 7 kwa 9: eneo lake ni mita za mraba 63, na mvuto juu ya paa lake ukikaribia kiasi hicho unafika takriban tani 9. Paa la mabati na mbao kwa kawaida halifikii hata tani 2. Tani 7 zinazobaki hazishikwi na uzito wa kitu chochote. Zinashikwa na misumari, skrubu na mikanda ya chuma. Kwenye kona na kingo za paa mvuto huwa mkali zaidi ya hapo, ndiyo sababu paa huanza kung'oka kwenye kona.

Kuna jambo jingine ambalo huwaponyokea wengi. Dirisha la upande unaopigwa na upepo likivunjika, hewa hujaa ndani ya darasa kama mtu anayepuliza puto, na paa sasa husukumwa kutoka ndani huku likivutwa kutoka nje. Kwa hiyo ule ushauri unaosikika kila msimu, kwamba kimbunga kikija mfungue madirisha ili hewa ipite, ni ushauri mbaya. Madirisha yafungwe, na ikiwezekana yawe na vizuizi imara vya kukinga vitu vinavyorushwa, kwa sababu katika makazi ya watu wengi kinachovunja dirisha la shule mara nyingi ni bati la jirani au tawi la mti.

Shule ina udhaifu wake ambao nyumba za kuizunguka hazina. Darasa ni chumba kipana kisicho na ukuta wa kati wa kulisaidia paa. Lina madirisha makubwa. Mara nyingi lina varanda iliyo wazi, ambayo paa lake ni mwendelezo wa paa la darasa, na upepo ukiingia chini ya varanda huinua ukingo huo kwanza, kisha paa zima hufuata. Tena shule husimama kando ya uwanja wa michezo, na uwanja ulio wazi huupa upepo nafasi ya kushika kasi, wakati nyumba zilizobanana hupunguziana makali. Jirani akikuambia kwamba nyumba yake ilijengwa na fundi yuleyule na haikuguswa, huenda anasema kweli, lakini hazikupigwa na upepo uleule.

Haya si mageni. Darwin, huko Australia, ilipigwa na kimbunga Tracy usiku wa Krismasi mwaka 1974, na vitongoji vyake vya kaskazini viliharibiwa vibaya mno. Wahandisi walipochunguza waligundua kwamba mabati hayakuchanika kwa pigo moja. Upepo ulikuwa ukiyavuta na kuyaachia maelfu ya mara, na chuma kilichozunguka kila kiungio kilichoka, kikapata nyufa, kisha kikaachia, kama waya unavyokatika ukiukunja na kuukunjua. Kutokana na hapo viungio vya mabati vikaanza kupimwa kwa kuvutwa mara nyingi, na washa pana za kutawanya nguvu chini ya kichwa cha skrubu zikawa jambo la kawaida katika maeneo ya vimbunga. Kimbunga Andrew kilipovipiga vitongoji vya kusini mwa Florida tarehe 24 Agosti 1992, wachunguzi walikuta pini za kushikia mbao za paa ambazo zilipigwa kwa mashine zikalikosa kabisa boriti lililo chini, zikabaki zinaning'inia hewani. Mbao zilikuwepo, na pini zilikuwepo. Hazikukutana.

Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa kwenye shule moja iliyoezuliwa, fundi akanihakikishia kwamba mbao zilikuwa mbovu. Nilipopanda ngazi nikakuta juu ya mkanda wa zege, yaani ule unaozifunga kuta kwa juu, nondo nne zilizoachwa makusudi ili zije kufunga kenchi. Zote nne zilikuwa zimelazwa kwa nyundo na kufunikwa na lipu, kwa kuwa zilimzuia seremala kulaza ubao wake. Kenchi zilishikwa kwa misumari ya inchi 4 iliyopigwa kwa mshazari, na misumari hiyo niliiokota chini ikiwa imenyooka vilevile kama ilivyotoka dukani. Msumari uliopambana hupinda. Ulionyooka umechomoka tu, kwa sababu msumari laini hustahimili kusukumwa upande kuliko kuvutwa kwa urefu wake.

Kwa hiyo ninachowashauri kwa yale majengo mawili ni kujenga mnyororo usiokatika kuanzia bati hadi msingi. Bati lifungwe kwa skrubu zenye washa, na kwenye kingo, kona na mgongo wa paa skrubu zikaribiane zaidi kuliko katikati. Papi ifungwe kwenye kenchi kwa kipande cha chuma au kwa skrubu ndefu, si kwa msumari mmoja. Kenchi ishikwe kwa mkanda wa chuma unaopita juu yake na kushuka pande zote mbili, ukafungwa kwenye mkanda wa zege unaozunguka jengo lote. Mkanda huo uwe na nondo zinazoendelea hadi kwenye nguzo, na nguzo ziwe na nondo zinazoingia kwenye msingi. Pete moja ikikosekana, zile nyingine zote hazina kazi. Paa la varanda litenganishwe na la darasa, ili likiondoka liondoke peke yake. Umbo la paa nalo lina uzito wake: paa lenye miteremko minne huhimili kuliko lenye miteremko miwili na kuta za pembetatu, na mteremko wa karibu nyuzi 30 hufanya kazi vizuri kuliko paa lililolala. Mkibaki na kuta za pembetatu, ziwe na mkanda wa zege unaofuata mteremko wake, na kenchi za mwisho zikazwe kwa mbao za mshazari.

Fundi wenu hajakosea kuhusu zege. Zege zito kweli haliinuliwi kwa urahisi. Swali ni nani atalibeba. Bamba la zege la sentimita 15 lina uzito wa zaidi ya kilo 350 kwa mita ya mraba, mara kumi au zaidi ya paa la mabati, na kuta zenu zilijengwa kwa ajili ya mabati. Kuliweka juu ya kuta zenye nyufa, kwenye msingi ambao hakuna aliyeupima, ni kubadilisha hatari ya kuezuliwa kwa hatari ya kuporomokewa, na kama eneo lenu lina matetemeko ya ardhi, hatari hiyo ni kubwa mno. Paa la zege lifikiriwe kwenye jengo jipya lililochorwa kwa ajili yake tangu msingi, pengine kwa chumba kimoja tu cha kujihifadhi.

Tukija kwenye kuta zenyewe, kumbukeni kwamba paa linapoondoka, ukuta hupoteza kilichoushika juu, na kwa saa zilizobaki za kimbunga hupigwa ukiwa umesimama peke yake. Tena jicho la kimbunga likipita juu yenu, upepo hurudi kutoka upande wa pili, hivyo ukuta husukumwa kwanza huku, kisha kule. Chukueni timazi, ile kamba yenye kitu kizito mwishoni ya kupimia kama ukuta umesimama wima, mpime kila ukuta mrefu. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu si wa kutisha. Ufa unaopita kwenye tofali lenyewe, unaoonekana pande zote mbili, unaolala kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, au unaoutenga ukuta na nguzo ni habari nyingine. Pakeni kibandiko kidogo cha plasta ya jipsamu juu ya ufa, mwandike tarehe, na mrudi baada ya wiki mbili. Kikipasuka, ukuta bado unatembea, na ukuta unaotembea hauezekwi.

Jengo la tatu ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yale mawili, kwa sababu linaonekana zima. Kwanza, kusimama kwake si ushahidi wa uimara. Huenda lilikingwa na mengine, au upepo ulilipata kwa upande wake mwembamba, na viungio vyake huenda ni vilevile vilivyowaangusha wenzake. Mtu apande darini akaangalie misumari iliyotoka nusu na kenchi zilizosogea. Pili, maji. Maji yanayotiririka huchimba chini ya msingi bila kuonekana, kwa hiyo pigeni sakafu kwa fimbo nzito, msikilize mahali panapolia kama pana uwazi, kisha mzunguke nje mkitafuta udongo uliotitia kando ya kuta. Umeme usiwashwe hata kidogo kabla fundi umeme hajaukagua. Soketi na swichi zilizozama hubadilishwa, hazikaushwi. Ukungu nao huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye vitu vilivyolowa, na ninyi mko wiki ya tatu. Mbao za dari, makabati na vitabu vilivyolowa vitolewe nje, madirisha yaachwe wazi mchana kutwa, na msikubali kabisa kupaka rangi upesi ili watoto wakute darasa linang'aa, kwa kuwa rangi hufungia unyevu ndani ya ukuta na ukungu hurudi ukiwa nyuma yake. Kisima, tangi na vyoo vihesabiwe kuwa vimechafuliwa hadi maji yapimwe. Ikiwa majengo yenu ni ya zamani na yana mabati ya asbesto, msiyavunje wala kuyakata kwa msumeno. Yaloweshwe na yaondolewe na watu wenye mafunzo na vifaa, maana vumbi lake huleta maradhi ya mapafu ambayo hujitokeza miaka mingi baadaye.

Ninajua jibu hili linawakatisha tamaa wazazi, na wana haki ya kuwa na haraka, kwa sababu mtoto anayekaa nyumbani muda mrefu huenda asirudi. Haraka hiyo ielekezwe kwenye mahema, majengo ya ibada yaliyokaguliwa, au kusoma kwa zamu mbili katika shule jirani. Watoto warudi kwenye masomo mapema, na majengo yachukue muda wake. Zege hufikia nguvu linayohesabiwa nayo kwenye michoro baada ya siku 28, na linahitaji kumwagiwa maji angalau wiki ya kwanza. Hakuna kikao cha wazazi kinachoweza kulifanya likomae mapema.

Kuhusu mfadhili, mshukuruni, lakini msisaini bado. Kubomoa kuna maana pale gharama ya kukarabati na kuimarisha inapokaribia ya kujenga upya, au pale kiwanja chenyewe kinapokuwa ndicho tatizo. Marekani, shirika la serikali la maafa, FEMA, hutumia kigezo cha asilimia 50: ukarabati ukizidi nusu ya gharama ya jengo jipya, jengo linaweza kufadhiliwa kujengwa upya. Hicho ni kigezo cha fedha, si cha usalama, ila ni kipimo kizuri cha kuanzia mazungumzo. Muulizeni mfadhili maswali ambayo huenda hakuyatarajia. Je, jengo jipya litasimama palepale maji yalipofika magotini? Sakafu itainuliwa kiasi gani juu ya alama ya maji, ambayo mnapaswa kuiwekea rangi ukutani leo kabla haijafutika? Maji ya mvua ya mtaa mzima yanapita wapi sasa, baada ya nyumba na barabara mpya kuziba mkondo wa zamani? Je, mtakuwa na wanafunzi wangapi? Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, New Orleans haikuirudisha kila shule mahali pake. Familia nyingi zilikuwa zimehama, na mwaka 2010 serikali kuu ilikubali kutoa dola bilioni 1.8 kwa mkupuo, ili mji upange shule kulingana na watoto waliokuwepo na sio kulingana na majengo yaliyokuwepo.

Huenda pia mkashawishiwa kuifanya shule mpya kuwa kimbilio la mtaa. Bangladesh imefanya hivyo kwa mafanikio tangu kimbunga cha Novemba 1970 kilichoua watu wasiopungua laki tatu. Shule nyingi za pwani zimejengwa juu ya nguzo ndefu ili maji yapite chini. Wazo hilo ninalipenda, ila lina masharti. Jengo lisiitwe kimbilio mpaka lichorwe kwa upepo mkali kuliko wa darasa la kawaida, liwe na maji, vyoo na njia za walemavu. Na mkubaliane mapema familia zitahamia wapi baada ya dhoruba, vinginevyo jengo litaokoa watu na kufunga shule kwa miezi.

Kama fedha haitoshi yote, na mara nyingi haitoshi, ningekamilisha mnyororo kwenye jengo moja badala ya kuezeka mawili nusu nusu. Kisha ningefunga mikanda ya chuma kwenye kenchi za jengo la tatu, kazi ambayo mara nyingi hufanyika bila kuezua, kwa gharama ndogo kuliko unavyodhani.

Yako mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyafanya. Mwiteni mhandisi wa miundo aliyesajiliwa aje kwa miguu yake iwapo timazi inaonyesha ukuta umeinama, nguzo imepasuka au nondo zake zinaonekana, sakafu imetitia, maji yaliyoingia yalikuwa ya chumvi, au kibandiko cha jipsamu kimepasuka. Hadi atakapofika, mtoto asiingie humo hata kuchukua dawati. Ombeni ripoti iliyoandikwa na kutiwa saini, inayosema kila jengo litumike, litumike kwa sehemu, au lifungwe. Mlipeni pia kwa kurudi mara mbili wakati wa ujenzi: siku moja kabla ya kumwaga zege la mkanda, nondo zikiwa bado zinaonekana, na siku moja kabla ya kufunga dari, mikanda ya kenchi ikiwa bado inaweza kushikwa kwa mkono. Mwambieni fundi tangu mwanzo, tena kwa maandishi, kwamba dari haifungwi hadi ukaguzi huo wa pili upite.